Kiuno cha Thelathini na Nne

3 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimekupigia simu mara mbili wiki hii, na mara zote mbili nimeongea na cherehani. Wewe sijakusikia. Kwa hiyo nimerudi kwenye njia yetu ya zamani, barua ndani ya kifurushi cha basi. Humo mna viatu vyako vyeusi. Nimevitia soli mpya, na kisigino nimekishusha kidogo, maana umri nao una haki yake. Usinune.

Habari ndogo: nina sukari. Wifi yako alinisukuma hospitali baada ya kuniona nakunywa maji kama mtu aliyelamba chumvi ya mwezi mzima, na kila nikikaa nainuka kwenda chooni. Wakanitoboa kidole, wakasema kumi na nane. Daktari ni binti mdogo, umri wa kuitwa mwanangu, lakini ana macho ya hakimu. Akanitazama tumbo, akaniuliza, "Baba, umenenepa miaka ya karibuni?" Nikamwambia, "Daktari, mimi nashonewa suruali na dada yangu tangu nilipooa. Miaka kumi na tisa, kiuno thelathini na nne, lebo iko ndani, kama huamini geuza usome." Alicheka, lakini aliandika. Mizani yao ilikuwa mbovu siku hiyo, kwa hiyo lebo yako ndiyo iliyonitolea ushahidi.

Basi nimeshaelewa mambo yalivyo. Kwangu si chakula wala si uvivu. Hii ni ya Mama, nimerithi tu, kama nilivyorithi masikio yake. Walionenepa ndio wapunguze. Mimi nitameza vidonge vyangu na maisha yaendelee.

Nishonee suruali mbili, moja ya kazi na moja ya kutokea. Kipimo unakijua.

Mdogo wako,
Soli


14 Februari

Soli,

Marahaba. Viatu vimenikaa vizuri, na kisigino nimekisamehe.

Hiyo habari yako "ndogo" umeiandika kama mtu aliyepoteza mwavuli. Umemsahau Mama? Miaka miwili ya mwisho alikuwa akitushika uso kwa vidole ili ajue ni mimi au ni wewe. Naye aliambiwa apunguze, akajibu kwamba wazee wake walikula kila kitu na wakazikwa na meno yao yote. Masikio yake umeyarithi kweli, maana hata yeye hakusikia la mtu.

Nataka uniandikie unakula nini kutwa. Sitaki unachomwambia daktari, nataka unachokula. Na ukirudi kwa huyo binti, mwambie akupime kiuno mwenyewe, kwa futi yake. Mambo ya lebo achana nayo. Lebo ni kipande cha kitambaa tu. Usiniulize kwa nini, fanya.

Ningekuja nikuone, lakini mama mkwe tangu aanguke hageuki kitandani bila mikono yangu. Suruali zimo, ya kazi nimeiwekea mifuko mirefu ya misumari yako. Mwambie wifi yangu namsalimu, na kijiko cha sukari akifiche.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Shikamoo. Suruali zimefika. Ya kutokea nimeivaa Jumapili na wifi yako amenisifu, jambo linalotokea mara chache kama kupatwa kwa mwezi.

Umetaka ninachokula, haya. Saa moja asubuhi nimeshakaa kwenye benchi. Chai ya maziwa, sukari vijiko vinne, nusu mkate na siagi. Saa nne soda, kwa sababu mteja akifurahia kiatu chake hasemi ahsante, ananunua soda, na kuikataa ni kumvunjia heshima. Mchana chipsi na mayai. Saa tisa soda ya pili, kwa sababu ya mteja wa pili. Jioni wali, na wifi yako anajua kupakua. Baada ya hapo nalala, mtu nimeshinda kazini. Nimekaa, sawa, lakini mikono haikukaa.

Vidonge nameza kila siku, sikosi. Naviteremsha kwa soda, huko ndani wapigane wenyewe. Kwa yule binti sijarudi. Kiuno changu akipimie nini, na kinajulikana?

Halafu nina habari njema. Sikukuambia, lakini mwaka jana wote nyayo zangu zilikuwa zinawaka kama nimekanyaga pilipili. Nilikuwa naziweka kwenye beseni la maji ndipo nilale. Sasa moto umekwisha. Kimya kabisa. Juzi wifi yako alinimwagia chai ya moto mguuni kwa bahati mbaya, na aliyepiga kelele ni yeye. Mimi wala sikusikia kitu. Unaona? Dawa inafanya kazi, na soda zangu zipo.

Mdogo wako,
Soli


9 Machi

Mdogo wangu,

Jana alikuja mteja wangu mmoja, muuguzi, kuchukua sare zake. Nikamsomea barua yako ili tucheke. Kwenye vidonge na soda alicheka. Nilipofika kwenye miguu akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaweka sare mezani, akakaa.

Anasema mguu unaowaka ni mguu unaolalamika, na ukinyamaza ghafla hivyo haujapona. Umekufa ganzi. Sukari imekula mishipa inayopeleka habari za maumivu, na mtu wa namna hiyo anaweza kukanyaga kaa la moto akaendelea na safari. Uende kliniki wiki hii, usitembee peku hata sebuleni, na unyayo uutazame kila siku kwa macho. Ameniambia niandike hivyohivyo na nimeandika.

Sasa kuna jambo jingine. Nimeanza kuliandika mara tatu na karatasi tatu nimezichana.

Unaikumbuka harusi ya binamu, mwaka wa pili baada ya wewe kuoa? Uliinama kumsalimu mjomba, suruali ikapasuka nyuma, na waliokaa meza ya mwisho wakasikia. Ulicheka pamoja nao, ukafika nyumbani hukula siku mbili. Uliniambia, "Dada, sitaki kuchekwa tena." Iliniuma sana. Basi suruali iliyofuata niliiongeza vidole viwili kiunoni, na ndani nikashona lebo, nikaandika 34 kwa mkono wangu. Ulipoivaa ulisema, "Unaona? Nimerudi." Ulifurahi mpaka ukanibeba. Nikajiuliza, kuna ubaya gani? Kazi ya nguo ni kumsitiri mtu.

Nikaendelea. Kila ulipoleta ya zamani nikutilie kiraka nilikuwa naona mshono ulivyovutika, nikajua pa kuongeza. Mwaka huu vidole viwili, mwaka ule kimoja, na lebo ni ileile. Hizi mbili za mwisho nilizipima kabla ya kufunga kifurushi. Ni arobaini na nne, Soli. Inchi kumi nimekuficha.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo yenyewe niliishona mimi, na ukaenda nayo kwa daktari kama ushahidi. Rudi kwake. Mwambie dada yako ni mwongo. Mwambie ni chakula, ni kukaa, ni kila kitu alichotaka kukuuliza akaona haya.

Nisamehe.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Barua yako nimeisoma kwenye benchi, wateja wawili wamesimama mbele yangu. Imenibidi nijifanye nimeingiwa na vumbi jichoni.

Miaka kumi na saba! Kila nikivaa, wewe unajua. Nikijisifu mezani mbele ya watu, wewe unajua, na unanipakulia. Ungeniambia nilipofika thelathini na sita ningepunguza. Ungeniambia kwenye thelathini na nane ningepunguza. Umesubiri nimefika kwa daktari ndipo unakuja na futi.

Suruali zako zote mbili zimo humu. Mguu ni wangu, usiutie mdomo. Usiniandikie.

Soli


4 Aprili

Wifi yangu,

Najua ndugu yako amekukataza kuandika. Mimi hakunikataza.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nafagia sebule nikaona matone kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti chake. Nikamwambia avue kiatu. Akasema hiyo ni rangi ya viatu. Nikakivua mwenyewe. Ni msumari, wifi, ule mdogo wa soli, anaoubana midomoni akiwa kazini. Ulidondoka kibandani, akaukanyaga, ukapita kwenye soli ukaingia chini ya kidole kidogo mpaka kichwa kikazama. Alikuwa ametembea nao, sijui kutwa, sijui siku mbili. Fundi wa viatu! Mtu anayetazama kisigino chako kilivyolika akakuambia goti gani linauma.

Alinifanya niape nisimwambie mtu, wewe kwanza. Tukaosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, akarudi kwenye benchi. Nami nikamwacha aende, kwa kuwa sikutaka ugomvi. Najuta. Siku ya tisa nikasikia harufu, na nilipofungua kitambaa kidole kilikuwa cheusi.

Sasa yuko wodini. Yule daktari binti amempima kiuno kwa futi, akaandika namba mpya juu ya ile ya zamani. Kidole kinakatwa kesho kutwa, hilo halina mjadala. Mjadala ni mguu. Sukari ikibaki ilipo, kidonda kitapanda, na watakata chini ya goti. Ikishuka, upo uwezekano wa kuuokoa. Wamempa dawa za sindano, lakini daktari anasema sindano peke yake haiwezi kushindana na mdomo wa mtu.

Na yeye amegeukia ukuta. Chakula cha hospitali anakiita chakula cha sungura. Jana nilimkuta na soda chini ya mto, ameletewa na mteja. Nimembembeleza, nimelia, nimemtukana, hasikii. Mtu pekee ambaye amewahi kumwogopa ni wewe. Mwandikie.

Wifi yako


6 Aprili

Soli,

Uliniambia nisikuandikie. Nimekutii wiki tatu, na hiyo ni mara ya kwanza na ya mwisho.

Nilikudanganya. Radhi nitakuomba mpaka nizeeke, lakini leo hatuna nafasi hiyo. Leo kuna mguu.

Soda iliyo chini ya mto mpe mke wako aimwage, na wewe uitazame mpaka tone la mwisho. Mteja akija na nyingine mwambie hivi: ndugu yangu, nina mguu mmoja ulio mashakani na wewe unaukata kwa chupa. Akinuna, anune na viatu vyake. Chakula cha sungura ukile. Sungura ana miguu minne na yote anayo.

Geuka uupe mgongo huo ukuta. Unanikasirikia, vizuri, kasirika sana, niite jina lolote, ila kasirika mboga zikiwa mdomoni. Ukikataa kula ili kunikomoa mimi, mimi nitabaki hapa na miguu yangu miwili, sasa hapo aliyekomolewa ni nani?

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Mama alipokwisha kuwa haoni, alikuwa akiniomba biskuti, nami nilikuwa nampelekea kitandani. Alikuwa akifurahi. Sikumkatalia hata mara moja, kwa sababu nilitaka nami nionekane mtoto mzuri. Halafu nikaja nikafanya yaleyale kwako kwa sindano na uzi. Nimechoka kuwa mzuri wa namna hiyo. Tangu leo utanichukia kwanza, kisha utaishi.

Kila siku saa mbili asubuhi wanakupima. Namba hiyo mke wako ananitumia kwa simu. Nitaisoma kabla sijafungua cherehani.

Dada yako


27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ukiona nimeandika shikamoo ujue hasira imepungua.

Kidole kimekwenda. Mguu upo. Kila asubuhi wanafungua bendeji, daktari anainama, anakikagua kidonda muda mrefu kuliko ninavyopenda, kisha anasema, "Tuendelee." Naishi kwa neno hilo. Siku akisema jingine utakisikia kilio changu huko uliko.

Barua yako niliisoma nimeelekea ukutani. Nilipofika kwa sungura nikacheka bila kutaka, na mzee wa kitanda cha pili akauliza kuna nini. Alikuwa dereva wa lori. Nikamsomea. Alicheka mpaka shuka likateleza, ndipo nikaona kwamba chini ya magoti hana kitu. Nikaacha kucheka. Akaniambia, "Usinionee huruma, fundi, nifanye mfano. Mimi nilikuwa nasema kesho. Kesho yenyewe ilikuwa inafika nami nina chupa mkononi." Siku hiyo nilimaliza sahani nzima ya mboga na maharage, nikaomba nyingine. Wifi yako alidhani nina homa.

Sukari imeshuka mpaka kumi na moja, juzi tisa. Siruhusiwi kuukanyagia mguu huu, kwa hiyo nafanya mazoezi ya mikono na mgongo nikiwa kitandani, kama kasa aliyepinduka. Usiku wa kwanza bila sukari kichwa kiliniuma nikataka kuwapigia wote kelele. Wa nne nililala.

Sasa nisikilize wewe. Umejitwisha mzigo wa suruali peke yako, nami nimekuacha uubebe mwezi mzima. Dada, mimi ni fundi wa ngozi. Mkanda wangu aliukata nani? Ni mimi. Nani aliutoboa matundu mapya? Nilikuwa nafunga mlango wa kibanda, naushika msharasi wangu na kutoboa tundu moja zaidi, kisha lingine. Mwaka juzi ngozi ikaisha, nikakata mkanda mpya, mrefu kuliko wa kwanza kwa shubiri nzima, na ule wa zamani nikautupa ili wifi yako asiuone. Nilijua. Lebo yako ilisema nilichotaka kusikia, nikaiamini kwa makusudi. Siku ile nilipokurudishia suruali nilikuwa na aibu, nikaivalisha hasira.

Kwa hiyo radhi ni yangu kwako. Tumemaliza.

Na wewe umepimwa lini?

Mdogo wako,
Soli


14 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba mia. Nimelia juu ya kitambaa cha mteja na imenibidi nikipige pasi upya.

Mkanda! Sikuwahi kuuwaza. Miaka yote nahangaika na mshono, na mwenzangu yuko ndani na msharasi. Mama angetuchapa wote wawili.

Nimeanza utaratibu mpya dukani. Nikimpima mteja namba naitaja kwa sauti, na kwenye lebo naandika ileile. Mama mmoja amenuna akahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Juzi amerudi, anasema huko suruali zinambana. Nikamwambia zinamwambia ukweli.

Namba zako nazipata kila asubuhi. Juzi nane, jana saba na nusu. Wifi anasema kidonda kinaanza kuwa chekundu kwa pembeni, rangi nzuri. Usilegee. Wiki ya kuona nafuu ndiyo wiki ya kuharibu, hilo muuguzi wangu amelisema na nimeligongea msumari kichwani.

Mimi niko salama, unanijua, chuma. Ni hili joto tu, jagi zima la maji nalimaliza kabla ya adhuhuri. Na uzi siku hizi haupiti kwenye tundu la sindano mpaka nijaribu mara tano. Mama mkwe anasema nanunua sindano mbovu.

Dada yako


28 Juni

Dada,

Shikamoo. Kidonda kimefunga.

Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama kwanza. Wiki mbili zilizopita daktari alifungua bendeji, akainama, akakikagua, nami nikasubiri lile neno lake. Hakulisema. Alisema, "Baba, nenda nyumbani na mguu wako." Nililia mbele ya binti huyo kama mtoto, na mzee wa lori akanipigia makofi kitandani kwake. Wifi yako alikuwa ameshika mkoba, ukamdondoka.

Ganzi haijaondoka. Daktari hakunificha, huenda isiondoke. Basi mguu usiosikia nausomea kwa macho. Kila asubuhi nakaa kwenye ukingo wa kitanda, wifi yako anashika kioo chini ya unyayo, tunakagua kama askari wa mpakani. Kabla ya kuvaa kiatu nakikung'uta na kuingiza mkono mpaka kwenye ncha. Viatu vyenyewe nimejishonea, vipana mbele, mshono wote uko nje ili ndani pasiwe na cha kukwaruza. Daktari ameviona, akaniagiza jozi sita za wagonjwa wake.

Kibandani nakaa bado, kazi ndiyo hiyo. Ila nikimaliza jozi moja nainuka, nafunga mlango, natembea mpaka kwa muuza magazeti na kurudi, polepole kama nilivyoruhusiwa. Yule muuza magazeti sasa anadhani namdai. Nimebandika karatasi ukutani: AHSANTE YAKO ILETE KWA MAJI. Wawili wamekasirika, mmoja ameleta ndoo. Mchana nakula maharage na mboga na wali kiganja kimoja, ambao wifi yako anaupima kwa kiganja chake, siyo changu. Vidonge bado nameza. Kuna jirani aliniambia nikila vizuri niviache, nikamwambia akaongee na mzee wa lori. Kiuno ni arobaini na moja, kimepimwa kwa futi ya hospitali.

Sasa nageukia kwako.

Barua yako ya Mei nimeisoma mara nyingi wodini, sikuwa na kingine cha kusoma. Jagi zima kabla ya adhuhuri. Uzi haupiti. Nilikuuliza umepimwa lini, ukanijibu habari za mama aliyenuna. Dada, mimi nilianza kwa maji. Mama alianza kwa kushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Unakaa kwenye kiti saa zilezile ninazokaa mimi, na chai tulifundishwa kunywa na mtu mmoja. Nilipokuwa na kiburi uliniamrisha, na leo nina mguu. Sitakubali aibu yako ikupotezee mboni ya jicho.

Nenda kwa muuguzi wako asubuhi, hujala kitu. Na usiniambie habari za mama mkwe. Wifi yako anafika Alhamisi kumwangalia, tiketi tumeshakata, atakaa siku tatu. Na usinijibu kwa mzaha. Huo mzaha naujua, niliuishi mwaka mzima.

Mdogo wako,
Soli


5 Julai

Soli,

Shikamoo.

Hukusoma vibaya.

Wifi amefika Alhamisi, hakuniacha hata nimkaribishe chai. Jana asubuhi alinivalisha viatu mwenyewe, akanitoa mlangoni, akafunga kwa ndani. Nilisimama barabarani dakika nzima. Kisha nikaenda.

Kumi na nne. Muuguzi alipima mara mbili, kwa sababu nilimwambia mashine yake mbovu. Akanipeleka kwa daktari wa macho siku ileile. Kuna mishipa imeanza kuvuja nyuma ya jicho la kulia. Wanasema imewahiwa, watanitibu, lakini nikiendelea ninavyoishi hawataweza kunisaidia. Sikulia hospitali. Nililia kwenye ngazi.

Nilikuwa najua, mdogo wangu. Ni mwaka sasa. Nilikuwa nasoma namba zako kila asubuhi na kukuamrisha kwa sauti kubwa ili nisijisikie mwenyewe. Naogopa. Bila macho mimi si fundi, sijui ningekuwa nini.

Nimerudi nyumbani nikamwaga kopo la sukari. Nimetoa biskuti kabatini. Halafu nikakaa mezani nikagundua kwamba sijui linalofuata. Maisha yangu yote natoa amri, sijawahi kupokea. Nimejitahidi kukumbuka nilizokupa wewe, na karibu zote zilikuwa za kukataza.

Wewe umepita hapa, na mguu unao. Katika jambo hili wewe ndiye mkubwa. Nimekubali, na nitafanya utakavyosema, hata ukinitukana. Saa saba imefika, nina njaa, na sahani iko mbele yangu tupu. Niambie nianze na nini.

Dada yako